"You are!" – "I'm what?"

Kazi yangu ni ukalimani. Kutwa niko kwenye ofisi za watu na kwa madaktari, nageuza Kijerumani kuwa Kiingereza, siku nyingine Kiswahili. Lakini Jumamosi nimeumbuliwa na watoto wawili hapa Dortmund, Ujerumani, kwenye uwanja wa bembea.

Mtoto wa mdogo wangu amekuja kututembelea kutoka Leeds, Uingereza. Ana miaka 9, wangu 8. Wakaanza kukimbizana. Wangu akamgusa mwenzake bega na kupayuka: "You are!" Dada mtu akasimama palepale. "I'm what?"

Huku mtoto akishikwa huambiwa Du bist, yaani "wewe ni", na sentensi inabaki hewani. Waingereza wao huimalizia kwa it, neno lilelile la kiti na mwavuli. Nikajitia kufafanua. Nilipofika kwenye "kitu", mwanangu akauliza, sasa dada amekuwa kitu gani? Jibu sikuwa nalo. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu ukiitwa kijitu ujue umetukanwa.

Mbio zikaendelea. Mwanangu akachoka, akashika nguzo ya bembea: "Klippo!" Hapo huguswi. Neno hilo ni la huku kwetu, eneo la Ruhr. Ukienda Vienna watoto husema Leo. Uingereza nako palikuwa na utitiri wa maneno ya namna hiyo. Iona na Peter Opie, mtu na mumewe waliotafiti michezo ya watoto, waliyakusanya kwa watoto wenyewe, wakayachapisha mwaka 1959: barley huku, fainites kule, kings kwingine. Nikamtajia mgeni yote matatu kwa madaha. Akanitazama kwa huruma. "Mama mkubwa, sisi tunasema time out."

Kwenye kujificha sikuambulia kitu. Mhesabuji wa Kijerumani huimba eins, zwei, drei, vier, Eckstein, alles muss versteckt sein. Nikaigeuza neno kwa neno, jiwe la pembeni, vyote lazima vifichwe, na kwa Kiingereza ikasikika kama mahubiri. Kina kinachoshikana pale ni Eckstein na sein. Ukikivunja, wimbo umekwisha. Bora ningempa tu ile ya Waingereza, Ready or not, here I come, nikanyamaza.

Ajabu ni kwamba penye ugomvi Kiswahili ndicho kilichoniokoa. Ätsch! ya Mjerumani, ile ya kumcheka mwenzako aliyekosa, sijaipatia Kiingereza kinachokaa vizuri. Kiswahili kinayo: "Kiko wapi!" Na Petze ni yule wa "nitakusemea kwa mama". Wote wawili hilo wanalijua, kwa sababu mimi na mdogo wangu tumelisikia kwao mara nyingi mno.

Wakati wa kuondoka nikainama kuokota mifuko ya sokoni. Mkono ukanigusa mgongoni. "You are!" Alikuwa yule wa Leeds. Nikashika nguzo haraka: "Klippo!"

"Watu wazima hawana Klippo," akasema mwanangu, na wote wawili wakatimua mbio.