Posho hakuna, ila njoo

Kila wiki kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dodoma lazima mtu atupie tangazo la "fursa ya kujitolea", na maswali ni yale yale, posho ipo? cheti kipo? Siwacheki, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kuna mwaka nilienda kupanda miti na taasisi moja (siitaji), tukapewa tisheti, tukapiga picha na miche, nikabadilisha hadi profaili. Sasa ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa nne, na aliyekaa Dodoma anajua mvua zetu ni Desemba mpaka Machi, Aprili hivi, baada ya hapo ni upepo na vumbi tu. Nilivyopita mwezi wa nane nikakuta vijiti vikavu, na ile miba ya kuzuia mbuzi watu walishaibeba kuni.

Kilichonibadilisha ni mafunzo ya igizo bana. Siku tatu kwenye viti vya plastiki tukifundishwa sanaa shirikishi, ile ya Mbrazili Augusto Boal ya miaka ya 1970: mnaigiza tatizo mpaka linachacha, mnarudia, na mtazamaji yeyote ruksa kusema "simama!" akaingia kuchukua nafasi ya mhusika. Na wala sio ngeni kwetu, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishafanya sanaa za namna hiyo na wanakijiji wa Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Basi tukaenda kijiji kimoja upande wa Chamwino na igizo la kisiki hai. Kama hukijui, ni hivi: mti ukikatwa mizizi mara nyingi inabaki hai chini, kwahiyo huhangaiki na mche, unachagua machipukizi machache yenye nguvu, mengine unapogoa, unafunga kitambaa iwe alama, unalinda. Sisi tulishapanga mwisho mtamu, mkulima anaelimishwa na kijana wa mjini (yaani mimi), ngoma, makofi.

Hatukufika huko. Bibi mmoja kaingia, kamtoa mwenzetu aliyekuwa mkulima, kashika mwiko wetu kama jembe, akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbuzi wa jirani wakija kula hayo machipukizi, utawafukuza ukiwa huko mjini?" Watu mbavu hawana, mimi maneno yote yamenitoka. Wenye mbuzi na wenye mashamba wakaanza kujibizana pale pale, karibu saa zima, mwenyekiti wa kijiji akavutwa aje aigize mwenyekiti 😂 na mwisho wakakubaliana wenyewe nani achungie wapi.

Siku hizi nikiona tangazo nauliza ni mwezi gani, na nani anabaki kulinda tukishapanda gari. Wengi hawajibu.

Sisi tunarudi Jumamosi. Chakula ugali na mlenda, kofia na maji njoo na vyako. Bibi kashasema nisiigize tena kijana wa mjini, safari hii mimi ni mbuzi.