Kuning'inia Juu ya Msitu wa Kereita

Mlima tunaoujua sisi watu wa Lamu ni matuta ya mchanga ya Shela, basi. Binti ami aliposema twende Kereita, kusini mwa milima ya Aberdare, tukateleze kwenye waya juu ya miti, nilicheka kwanza, kisha nikaulizia nauli.

Njiani sina mengi. Boti hadi Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen hadi Mombasa, treni ya SGR, halafu matatu ya Kimende. Pale Garsen tulipovuka Mto Tana nilimweleza mwenzangu kwamba sehemu ya maji yale yatoka huko huko tuendako, kwa kuwa mito ya upande wa mashariki wa Aberdare, kama Chania na Gura, humwaga Tana, na Tana humwaga baharini Kipini, kwa jirani zetu. Akaniambia nilale.

Kereita ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haina adabu. Mbega tuliwasikia wakinguruma kabla ukungu haujaturuhusu kuwaona.

Mikanda ya ziplaini hupita kiunoni na mapajani, kwa hivyo buibui lilibaki mkobani, nikawa na suruali pana na kanzu fupi. Dada aliyetuongoza alinichomekea mwenyewe ncha za mtandio ndani ya nguo. Kitambaa kikinaswa na kapi, alisema, hapana mchezo. Kapi! Nimekulia nyumba ya manahodha, nikiliona lile la mbao likipandisha foromali na tanga lake. Hili la Kereita ni la chuma, lina magurudumu yanayopita juu ya waya, nawe waning'inia chini yake. Injini hakuna, kazi yote ni ya mteremko na uzito wako. Mzito huenda kasi. Mwepesi aweza kuishiwa nguvu karibu na jukwaa la pili, akarudi kinyumenyume hadi pale waya ulipobonyea, wakaenda kumvuta. (Binti ami, mwembamba yule, alivutwa. Simtaji zaidi.) Ukijikunja waongeza mwendo, ukitandaza miguu upepo wakuzuia.

Kupita kwenyewe ni kufupi: mlio wa chuma, machozi ya upepo, vilele vya miti chini ya viatu. Lililoniingia ni ukaguzi. Kila jukwaani dada yule alishika kulabu, akaivuta, akataja kwa sauti kwamba imefungwa, na mwenzake akaitikia. Kulabu moja haikufunguliwa mpaka nyingine ishike, hata kwa hatua mbili tu za kusogea. Mwanzo niliona ni maonyesho ya kuwaridhisha wageni. Baadaye, kabla ya kuruka, nilikuwa nikiisubiri sauti ile, na isingekuja nisingeruka.

Ndiyo maana boti ya kurudi kutoka Mokowe ilinikera kuliko siku zote. Jaketi okozi zilikuwapo. Wengine walizitundika mabegani bila kufunga, wengine walizikalia. Hakuna aliyevuta mkanda wa mtu. Sisi tuliozaliwa majini twaona kufunga jaketi ni kazi ya wageni, ilhali bahari haimuulizi mtu kwao. Nilifunga langu hadi kifundo cha mwisho. Bibi mmoja akanitazama: "Mwanangu, waogopa nini, si wa hapa wewe?" Nikamwambia ni wa hapa, Langoni, na nikamwomba nimfungie lake. Alikataa, akacheka, kisha akaniachia.

Nyumbani ami hakuuliza msitu ulikuwaje. Aliuliza waya umekazwa vipi. Nikamwambia wameuacha ubonyee katikati.

"Hao wajua kazi. Ukikaza kamba mno, mzigo wote walemea ncha. Na wakagua lini?"

"Wasema asubuhi, wapita wao kwanza kabla ya mgeni."

Akafikiri, mkono tumboni.

"Basi waulize mikanda yao kama yafika kitambi hiki."