Mgrivea wa baba na msumeno wa mwanzi

Kihambani kwetu Marangu, yaani kwenye shamba la nyumbani, kuna mgrivea umesimama hatua nne tu kutoka chooni. Baba aliukata kichwa nikiwa bado shule ya msingi, na kila alipoupogoa alirudi kwenye vifundo vilevile, hata juu pakawa kama ngumi zilizokunjwa. Alipofariki mimi nilikuwa Dar, mti ukakaa miaka sita bila kuguswa. Niliporudi, machipukizi yalikuwa matawi manene kama paja, yameitia kahawa giza na kuinamia bati la choo.

Nilianza na panga, kwa kuwa ndilo lililokuwepo. Panga ni zuri kwa chipukizi la unene wa kidole gumba. Tawi nene hupasuka kabla hujalimaliza, likaanguka na gome lake hadi shinani. Kovu la kosa langu lipo mpaka leo, refu kama mkono.

Nikanunua msumeno wa upinde, wa inchi 24. Unakula mti vizuri, ila kwenye kifundo chenye machipukizi kumi yaliyobanana, upinde wenyewe ndio unaozuia: unagonga huku, unakwama kule. Hapo unahitaji msumeno mwembamba uliopinda kama mundu, wenye meno yanayokata unapovuta. Kuvuta ndiko kunakokufaa ukiwa chini, maana uzito wako unakusaidia.

Wangu nimeufunga kwenye mwanzi kwa bolti mbili na waya. Mwanzi uwe mkavu; mbichi ni mzito, na karibu na nyaya za umeme usithubutu, mbichi wala mkavu. Nilijaribu wa mita tano: ncha inayumba, meno yanaruka, shingo inauma siku mbili. Nikaukata ukabaki mita tatu na nusu. Na usisimame chini ya tawi unalolikata. Vumbi la mgrivea linawasha vibaya sana, kwa hiyo navaa miwani, shati la mikono mirefu na kitambaa shingoni. (Mti wenyewe mgeni, asili yake Australia, lakini huku uchagani tumeuzoea kama mgomba.)

Kijana mmoja wa jirani alitaka kupanda ngazi na msumeno wa mnyororo. Nikakataa. Chombo kile kinataka mikono yote miwili, sasa ngazi utaishika na nini?

Kwa yale matawi ya paja nilimwita mzee anayepanda miti kwa kazi. Alikuja na kamba ya katani na msumeno wa upinde kama wangu. Alifunga tawi kwanza, akalikata kidogo kwa chini, ndipo akaja juu, kisha tukaliteremsha kwa kamba mbali na choo. Gome halikuchanika hata kidogo. Aliposhuka akaniambia, “Mama, panga lako lirudishe kwenye migomba.”

Sasa napogoa kila Februari, kabla ya masika, matawi yakiwa bado unene wa kifundo cha mkono. Mwanzi unatosha kwa vifundo vya chini, vya juu bado ni vya mzee. Kuni zinapatikana, majani wanakula mbuzi kidogo. Mwanzi wenyewe nauweka chini ya paa la banda lao, na juzi nimekuta mchwa wameanza kuula upande wa bolti, kwa hiyo Jumamosi nakata mwingine.