Siku moja ya kazi Mexico City: filamu ya sinema na video ya makumbusho

Wasanii wengi wa Mexico wanaopiga filamu za makala wana mguu mmoja sinema na mwingine makumbusho. Ni kazi ya watu wachache. Eugenio Polgovsky, aliyefariki 2017, alishika kamera mwenyewe na kuhariri mwenyewe, na mpaka leo wengi wanafanya hivyo. Ugumu ni kwamba picha ya sinema na picha ya ukuta wa makumbusho hazina mahitaji sawa, na usipolipangia jambo hilo mtaani asubuhi, huwezi kulitengeneza usiku kwenye kompyuta.

Mradi wa sasa ni juu ya organilleros, wapiga vinanda vya kuzungusha kwa mkono, wale wa sare za kaki wanaosimama kwenye kona za Centro Histórico, kitovu cha kale cha mji.

Saa 11 alfajiri

Ni Juni, msimu wa mvua. Jua linachomoza karibu saa 12, na ikifika adhuhuri liko utosini, macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Alasiri mara nyingi mvua inanyesha. Picha za nje ziishe kabla ya saa 4 asubuhi. Begi lina kamera moja, lenzi ya milimita 35 na ya 85, betri sita, memori kadi nne za GB 256, rekoda mbili za sauti na manyoya ya kukinga maiki na upepo. Tripodi haiachwi nyumbani hata siku moja.

Saa 1 asubuhi

Kabla kamera haijatoka begini, tunaelewana malipo. Wapigaji wengi hawamiliki kinanda. Wanakikodi kwa siku na kodi inatoka kwenye sarafu za wapita njia. Hufanya kazi wawili wawili, mmoja anazungusha, mwenzake anapita na kofia. Kamera ikisimama mbele yao watu wanapita mbali na kofia inabaki tupu. Saa unazowachukua ni fedha zao, zilipwe, na makubaliano yaandikwe: filamu na makumbusho zitajwe zote mbili kwenye karatasi ile ile wanayosaini. Ruhusa ya mtaani inapitia Comisión de Filmaciones, ofisi ya jiji ya upigaji filamu. Ukitaka kuingia na kamera eneo la Templo Mayor, magofu ya hekalu la Waazteki, hapo ni INAH, taasisi ya taifa ya akiolojia na historia, na ni maombi mengine kabisa.

Saa 2 asubuhi

Hapa ndipo kazi ya siku ilipo. Mkono wa kinanda unafanya mambo mawili kwa pamoja: unazungusha silinda yenye misumari midogo inayochagua noti, na unavukuta mivukuto inayopeleka hewa kwenye filimbi. Mpigaji akichoka, wimbo unapungua kasi na sauti inalegea. Kwa hiyo huwezi kupiga wimbo mmoja mara mbili kisha ukalaza picha za mara ya pili juu ya sauti ya mara ya kwanza. Baada ya sekunde kadhaa mkono unaonekana juu huku muziki unasikika uko chini. Anayedhani atasawazisha wakati wa kuhariri anapoteza wiki nzima.

Dawa yake ni kurekodi wimbo mzima bila kukata. Rekoda ya kwanza inakaa mita 2 mbele ya kinanda, maiki mbili kwenye kimo cha filimbi, vilele vya sauti visizidi desibeli 12 chini ya kikomo. Ya pili inakaa mita 10 nyuma ikichukua mtaa. Zote ni kilohezi 48, biti 24. Kofi moja mbele ya lenzi, la kulinganishia sauti na picha, kisha kamera inaendelea mpaka noti ya mwisho. Ukitaka kuhama, hama huku inarekodi.

Kisha wimbo unapigwa tena kwa ajili ya makumbusho. Safari hii kamera iko kwenye tripodi, haiguswi kwa dakika nne au zaidi. Mgeni wa makumbusho anaingia wakati wowote, hivyo video haina mwanzo, inazunguka. Fremu ya mwisho lazima ishikane na ya kwanza. Kwa hiyo tunabandika utepe chini penye miguu ya tripodi na miguu ya mpigaji, na fokasi na mwanga wa kamera tunavifunga visijibadilishe vyenyewe. Wingu likipita katikati, rudia, maana mshono utaonekana ukutani kama mtu amewasha taa.

Mwisho, dakika tatu za mtaa mtupu. Gari la wanunuzi wa vyuma chakavu, lenye sauti ile ya msichana inayotangaza magodoro na majokofu, likipita usiombe lizimwe. Lirekodi peke yake, utalihitaji kufunika mahali ulipokata.

Saa 5 asubuhi

Mahojiano ndani ya karakana ya kutengeneza vinanda. Umeme wa Mexico ni hezi 60, taa zinapepesa mara 120 kwa sekunde. Kwa fremu 24 kwa sekunde, shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe sekunde 1/60. Aliyezoea 1/50 ya Kenya au Tanzania, kwenye hezi 50, atapata mistari inayotambaa kwenye picha chini ya balbu za bei rahisi.

Saa 7 mchana

Dakika 90 za picha, kwa GB 3 kila dakika, ni GB 270. Kadi inasomeka haraka, lakini diski ya kuzunguka inapokea kama MB 120 kwa sekunde, basi ni dakika 38 kwa nakala moja. Tunafanya mbili na kuzihakiki kwa programu. Kadi hazifutwi leo.

Saa 9 alasiri

Majaribio ya projekta tatu za makumbusho, kila moja na skrini yake. Picha ya upana wa mita 4, kwa lenzi ya uwiano wa 1.5, inataka umbali wa mita 6. Mji umejengwa juu ya ziwa la kale na unazama, na majengo ya zamani yameinama. Ndani ya Ex Teresa, jumba la sanaa lililokuwa kanisa la watawa, unausikia mteremko miguuni. Usipange projekta kwa pima maji, ipange kwa ukuta. Usinyooshe picha kwa menyu ya projekta pia, unapoteza pikseli. Sogeza projekta yenyewe.

Tuko mita 2,240 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, haipoozi vizuri, hivyo kwenye projekta hali ya mwinuko inawashwa na feni inapiga kelele. Projekta tatu zinaweza kumeza sauti ya mtaa uliyoihangaikia asubuhi. Tunazipandisha juu ya vichwa vya watu na spika tunazishusha usawa wa masikio. Video tatu ziwe na idadi sawa ya fremu, na kifaa kimoja kiongoze vingine kwa kebo ya mtandao. Kila kimoja kikijichezea chenyewe, jioni kinanda kinasikika skrini ya kushoto kabla ya skrini ya kulia.

Saa 2 usiku

Fomu. EFICINE, mpango wa serikali wa kusaidia filamu, inaruhusu mlipa kodi kuchangia filamu na kukata kiasi hicho kwenye kodi yake ya mapato, kisichozidi asilimia 10 ya kodi ya mwaka uliotangulia. Lakini bajeti haifungwi kabla ya orodha ya nyimbo. Silinda mara nyingi ina nyimbo nane, na kila mtunzi tunamtafutia mwaka wa kufa, kwa kuwa Mexico sasa inalinda haki kwa miaka 100 baada ya kifo. Las Mañanitas ni ya jadi, haina shida. Wimbo ambao mtunzi wake hajapatikana unawekwa kando, filamu na makumbusho vyote, mpaka barua ya mwenye haki ifike.