Marehemu hapakui chakula

Baba alipofariki tulikaa matanga kijijini, Newala. Wakinamama walisonga ugali wa muhogo kwenye sufuria za kuazima, na kila tonge mtu alimtaja marehemu: hiki alikipenda, kile alikikataa. Baba mwenyewe hakumpakulia mtu.

Kwa miaka mingi nilipokea komunyo kwa uso uleule wa matangani. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kila walapo mkate huu "mwaitangaza mauti ya Bwana", nami nilikomea hapo. Sentensi inaendelea: "hata ajapo". Nani aliwahi kumngoja marehemu?

Halafu mimi na dada tukagombana juu ya mikorosho ya baba. Nilimtolea maneno ambayo siyaandiki hapa. Nikawa nabaki kwenye benchi wenzangu wakipanga mstari wa komunyo.

Jumamosi moja nilikwenda soko la samaki la Feri alfajiri kutafuta vibua. Mama mmoja alikuwa ameshawasha jiko, anapepea kwa kipande cha boksi, samaki wawili juu ya wavu, mafuta yakidondoka na makaa yakilia chss. Nikamkumbuka Petro. Yohana anataja moto wa makaa mara mbili: uani kwa kuhani mkuu, Petro alipomkana Bwana huku akiota moto, na ufukweni baada ya ufufuko wa Yesu. Sijui kama harufu ile ilimkaba koo. Mimi ingenikaba.

Wale samaki 153 waliovuliwa na Petro na wenzake walikuwa bado wavuni, lakini ufukweni palikuwa na samaki tayari motoni, na mkate. Aliyeuawa ndiye aliyekuwa mpishi! Wala hakuanza na kesi. Alisema, "Njoni mfungue kinywa." Yale maswali matatu ya "wanipenda?" aliyomwuliza Petro yalikuja walipokwisha kula.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kitubio. Jumapili, padre aliponiambia "Mwili wa Kristo", nilijibu Amina nikiwa nimeinua uso, nikamtazama kama mtu anayepewa sahani na mwenye nyumba.

Kutoka kanisani nikapanda bodaboda hadi Mikindani, vibua kwenye mfuko.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Aliuangalia mfuko, akaupokea. "Kaa. Ming'oko imeiva."

Alinipakulia sahani imejaa, na chai ya rangi. Habari ya mikorosho aliianza nilipoomba maji ya kunawa, na mpaka leo hatujaimaliza.