Unyanjano wa migomba: ua dume ndilo mlango

Huku Kasulu na Buhigwe, mgomba ukianza kunyauka swali la kwanza ni dawa gani ipigwe. Dawa ya unyanjano, yaani mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria, haipo, ya kupulizia wala ya kumwaga shinani. Kilichopo ni kinga ya mgomba wenyewe, nayo ina mahali haifui dafu.

Mmea hauna damu ya kubeba askari. Kila seli hujilinda yenyewe. Jani lina nta juu yake, na vitundu vyake vya kupumulia hujifunga vikihisi bakteria. Seli ikitambua kipande cha mkia wa bakteria, humwaga kemikali kali kama hidrojeni peroksaidi na kunenepesha ukuta wake. Ikizidiwa, mara nyingine hujiua ili adui afe nayo hapo hapo.

Shida ni kwamba bakteria wa unyanjano huingia moja kwa moja kwenye mirija ya maji. Seli za mirija hiyo zikishaanza kazi huwa zimekufa, kwa hiyo humo hakuna wa kupiga kelele. Seli hai za pembeni hujitahidi kwa kuziba mirija, lakini bakteria na ute wao huenea haraka kuliko kizibo.

Mgomba pori wa jamii ya Musa balbisiana huvumilia ugonjwa huu. Migomba yetu ya kula na ya pombe haina kinga kamili. Watafiti Uganda waliingizia migomba jeni za pilipili hoho ziitwazo Hrap na Pflp, nayo ikastahimili kwenye majaribio. Mkulima wa Manyovu hawezi kuisubiri.

Basi linda mlango. Ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, linapodondosha magamba yake huacha makovu mabichi yenye utomvu, na nyuki na inzi hutembea humo wakitoka mgomba mgonjwa. Chana ya mwisho ikishatokeza tu, livunje ua kwa kulizungusha na kijiti chenye panda. Ukisubiri mkungu ujae umechelewa. Usitumie panga: utazuia inzi, halafu ubebe ugonjwa mwenyewe.

Panga la kukatia majani lioshwe udongo kwanza, kisha litumbukizwe kwenye jiki, sehemu 1 kwa sehemu 5 za maji, kila unapohama shina. Jiki yenye matope hupoteza nguvu. Bila jiki, lipitishe kwenye moto hadi liwe moto sana.

Kama huna uhakika, kata shina la mgomba na usubiri dakika 15. Ute wa manjano ukichuruzika ni unyanjano. Ugonjwa wa Panama nao hunyausha majani, ila hautoi ute huo wala hauozeshi ndizi kwa ndani.

Ukishathibitisha, using'oe kisiki kizima. Bakteria hawafiki kwenye machipukizi yote, kwa hiyo kata shina linaloumwa peke yake usawa wa ardhi, na urudi kukagua kila wiki. Jirani mmoja akiacha mashina yake yanayoumwa yasimame, kazi yako ni bure, na hili tunaliona gumu kuliko jiki. Mbuzi wasifunguliwe kula mabaki. Majani ya kufunikia mikungu inayoshuka Kigoma mjini nayo yakatwe kwenye shamba lisilo na ugonjwa, kwa sababu yakitupwa sokoni hakuna anayejua yataishia shamba la nani.