Ubeti wa tano

Jumapili usiku. Umeme umerudi, feni inazunguka, na daftari la Babu limelala wazi kulia kwangu kwenye ukurasa wa tisa.

Nilianza kulinakili Ramadhani. Babu alitunga tarbia: mishororo minne kila ubeti, vipande viwili kila mshororo, mizani nane kila kipande, na aliandika kwa penseli. Karatasi zimegeuka rangi ya chai na penseli inafifia. Nikichelewa zaidi, sitakuwa na cha kunakili.

Hii ni mara ya pili. Zamani niliyachapa mashairi haya kwa programu ya ofisini, kama tulivyokuwa tukifanya wote. Kompyuta ile ikafa, faili likabaki kwenye flashi, na mwaka jana nilipolifungua kwa programu nyingine, vipande vilikuwa vimesukumana na kurasa nzima zimejaa visanduku vitupu. Nilikaa kimya muda mrefu siku ile. Ndiyo maana safari hii naandika maandishi matupu, herufi na nafasi basi, faili ambalo hata simu ya bei nafuu inalifungua.

Alama zangu ni za Markdown, namna ya kupamba maandishi kwa alama chache za kawaida, ambayo John Gruber aliitoa mwaka 2004, Aaron Swartz akiwa amemsaidia kuifikiria. Walitaka mtu aandike kama anavyoandika barua pepe, na maandishi yasomeke hata kabla programu haijayapamba. Alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari hufanya kichwa, nyota mbili kila upande hukoleza neno. Naipenda kwa dhati. Faili lenyewe bila pambo lolote ni kitu cha kusomwa, na shangazi yangu analisoma kwenye simu yake bila kufundishwa na mtu.

Ila iliundwa kwa ajili ya nathari, na hilo nililijua nilipotazama ubeti wa kwanza upande wa kusomea, pale programu inapoonyesha maandishi yakiwa yamepambwa:

Bahari usiizowe, ina siku ya kughuri Nanga yako iteuwe, ungali hujasafiri

Mishororo imeunganishwa kuwa sentensi moja! Sababu yake naielewa. Kwenye barua pepe za zamani mstari ulikatwa popote ulipofikia upana fulani, kwa hiyo programu huchukulia kwamba kukatika kwa mstari hakuna maana, na huendelea mpaka ikutane na mstari mtupu. Kwetu mstari unapokatika ndipo kina kinapokaa. Dawa ya asili ni kuacha nafasi mbili mwishoni mwa kila mshororo. Nikaziacha, mishororo mia na ushei. Kumbe programu niliyokuwa naandikia hufuta nafasi za mwishoni kila inapohifadhi, na kwa kuwa hazionekani, sikujua hadi kesho yake. Nikajaribu kuruka mstari na kukisogeza kipande cha pili ndani kwa nafasi nne, kama Babu alivyofanya kwenye shairi moja. Likatokea sanduku la kijivu lenye herufi za mashine: nafasi nne mwanzoni, baada ya mstari mtupu, kwa Markdown ni msimbo wa kompyuta.

Pandoc, programu ya kugeuza maandishi kutoka muundo mmoja kwenda mwingine, ndiyo iliyonitoa. Aliianzisha John MacFarlane, mwalimu wa falsafa kule Berkeley, mwaka 2006, na ina namna ya mishororo iliyoazimwa kutoka reStructuredText, mfumo mwingine wa alama kama hizi: unaanza kila mstari kwa kijiti kilichosimama wima na nafasi moja, na mstari unabaki pale ulipouweka, pamoja na nafasi zake za mwanzo.

| Bahari usiizowe, ina siku ya kughuri
| Nanga yako iteuwe, ungali hujasafiri

Nikiviangalia vile vijiti vilivyopangana upande wa kushoto naona kama ukingo wa mkeka. Si programu zote zinazovielewa. Lakini hata pale zisipovielewa, vijiti vinaonekana, na msomaji anajua mshororo umeanzia wapi. Nafasi mbili zisizoonekana haziwezi kumwambia hivyo.

Jambo lililonishika moyo leo, hata hivyo, ni namba. Babu alizipa beti zake namba, na katika shairi la bahari anatoka 4 anakwenda 6. Karatasi ya katikati imechanika. Nami nikaandika vilevile, 4, kisha 6. Nilipotazama upande wa kusomea nikakuta 4, 5, 6, 7, zimenyooka, kana kwamba hakuna kilichopotea. Markdown huiona namba yenye nukta kuwa orodha na kuihesabu upya yenyewe. Kanuni za CommonMark, zinazoeleza bayana Markdown isomwe vipi na zilizoanza kutolewa mwaka 2014, huiheshimu namba ya kwanza tu, zinazofuata hazitazamwi. Kwa orodha ya manunuzi sawa. Kwa shairi la marehemu ni kumfuta kwa mara ya pili. Faili langu lilikuwa bado linasema 6, na hilo ndilo lililonituliza. Nikaweka mkwaju unaoegemea kushoto kabla ya nukta, 6\., na pengo likarudi mahali pake.

Kisha nikampigia shangazi, kule Pangani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona usiku?"

Nikamweleza. Nikamsomea ubeti wa nne, nikanyamaza. Nilimsikia akivuta pumzi, halafu akaanza kughani polepole kwa sauti ya baba yake, mshororo wa kwanza, wa pili. Akasita. Akarudia wa pili. "Kuna jahazi mle," akasema, "jahazi na mtu anaita. Ngoja nilale nao."

Nimeandika namba 5, mkwaju, nukta. Mishororo miwili ya shangazi. Chini yake vijiti viwili visivyo na kitu mbele yake, nikahifadhi.